Univers 76: Unene Unapoinamishwa

Herufi nene za mlazo hutazamwa zikiwa kubwa: kichwa cha habari, ubavu wa lori, bango la barabarani. Kosa lake halina pa kujificha, na mara nyingi huanza pale mtu anapochukua herufi nene iliyosimama akaiachia kompyuta iiinamishe.

Kompyuta husukuma kila nukta kwenda kulia kadiri ilivyo juu, basi. Upana wa mstari ukipimwa kwa mlalo haubadiliki, ila jicho halipimi hivyo. Linapima unene wa mstari wenyewe. Chukua O yenye unene ulio sawa kote, iinamishe nyuzi 12. Juu kulia na chini kushoto inanenepa kwa asilimia 11 hivi. Juu kushoto na chini kulia inakonda kwa asilimia 10. Kwenye A ambayo kila mguu umeachana na wima kwa nyuzi 20, mguu wa kushoto hukonda kwa asilimia 8, wa kulia hunenepa kwa 5. Mstari mwembamba wa vipimo 40 ukiinamishwa hivyo, tofauti kati ya sehemu nene na nyembamba za O ni kama vipimo 8, na wengi hawaioni. Mstari mnene wa vipimo 200 huonyesha tofauti inayozidi 40. O inaonekana imepinda.

Ndiyo sababu naiheshimu sana aina ya herufi iitwayo Univers. Mchoraji wa herufi Adrian Frutiger aliichorea kampuni ya Deberny & Peignot ya Paris, ikatoka mwaka 1957 ikiwa na sura 21 zilizopangwa kama ukoo mmoja tangu mwanzo. Kila sura ina namba: tarakimu ya kwanza ni uzito, ya pili ni upana na msimamo. 75 ni nzito iliyosimama, 76 ni mwenzake wa mlazo. Hivyo mlazo mzito ulikuwa na nafasi yake kwenye mpango wenyewe.

Gill Sans ya mwaka 1928 ilichukua njia nyingine: kwenye mlazo wake, herufi a hubadilika umbo, ikifuata mwandiko wa mkono. Univers haina msaada huo. Maumbo ni yaleyale, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kurekebisha mikunjo: kupunguza pale palipovimba, kuongeza pale palipokonda, kisha kushughulikia viungo. Tazama n. Upinde wake unapochomoka kwenye nguzo, mwinamo huibana pembe ya hapo iwe kali zaidi, na katika uzito huu kiungo hugeuka doa jeusi. Mchoraji hana budi kuukondesha upinde unapokaribia nguzo, tena zaidi ya alivyofanya kwenye herufi iliyosimama.

Ukitaka kukagua mlazo, usiupindue juu chini: ukizungushwa hivyo, mwinamo na uvimbe wa O hubaki palepale. Utazame kwenye kioo. Jicho likikosa mazoea, uvimbe hujitokeza.

Hata hivyo, masahihisho yasiwe kamili mno. Kalamu yenye ncha pana nayo huacha unene juu kulia na chini kushoto mwa o, na macho yetu yamezoea mwelekeo huo kwa karne nyingi. Mlazo mzito ukibakiwa na chembe ya unene upande huo huonekana una mwendo. Ukisawazishwa kabisa, hudumaa.