Pointi milioni mbili zisizo na mwenyewe

Mwaka 2006, katika hoteli ya Rio jijini Las Vegas, shindano kuu la World Series of Poker lilikusanya wachezaji 8,773. Kiingilio cha kila mmoja kilikuwa dola 10,000, naye akakabidhiwa chipu za pointi 10,000. Kwa hiyo tangu karata ya kwanza hadi ya mwisho, pointi zote zilipaswa kuwa 87,730,000. Jamie Gold alipotwaa ubingwa na dola zake milioni 12, mezani zilikutwa pointi zaidi ya milioni mbili ambazo hakuna mtu aliyezilipia.

Ni rahisi kusingizia wezi. Mimi jicho langu liko kwenye ubadilishaji wa chipu ndogo kuwa kubwa, kwa sababu hapo ndipo sanduku la akiba hufunguliwa katikati ya mchezo, watu wamechoka na kelele zimepanda. Anayeandaa poka sebuleni kwake anapita njia ileile.

Tuseme wageni ni kumi na boksi lina chipu 500. Mpe kila mgeni nane za 25, nane za 100, nne za 500 na mbili za 1,000. Hizo ni pointi 5,000 kwa chipu 22. Meza nzima pointi 50,000 kwa chipu 220. Madau ya lazima yakianza na 25 na 50, kila mtu ana dau kubwa mara 100, akiba inayomruhusu kufikiri. Wenyeji wengi humwaga boksi zima mezani, eti rundo likiwa kubwa ndiyo raha. Raha gani, kama kila dau linasubiri mtu amalize kuhesabu vipande thelathini? Chipu ya 25 kazi yake ni chenji tu, na chenji majirani wanapeana wenyewe.

Madau yakifika 100 na 200, chenji hiyo haina kazi tena. Zipo 80 mezani, thamani yake 2,000. Subiri mapumziko, zikusanye zote kwa mkupuo, uzihesabu, ndipo utoe chipu 20 za 100. Mpangilio huo usigeuzwe: ndogo ziingie kwanza, kubwa zifuate.

Kazi iko kwenye masalio. Mwenye 25 saba anapata 100 moja na kubakiwa na tatu. Mashindanoni masalio hugombewa kwa karata: kila chipu iliyosalia inampa mwenyewe karata moja ya wazi, na wenye karata za juu wanachukua chipu za 100 zilizotengwa, kila mtu isizidi moja. Karata zikilingana, shupaza inaizidi kopa, kopa uru, uru pau. Aliyebaki na 25 moja tu duniani hatolewi mchezoni kwa bahati hiyo. Akishindwa, hupewa 100 ya huruma.

Penye meza moja, masalio hujigawa sawasawa, kwa kuwa 80 inagawanyika kwa nne. Kinachoweza kuongeza jumla ni ile huruma tu. Penye mamia ya meza, kila meza ikikadiria kwenda juu, vipande vinajilimbikiza. Hata hivyo, nyongeza ya meza moja haifiki thamani ya chipu moja mpya, na sioni vipi makombo hayo peke yake yangefika milioni mbili. Nadhani mahali fulani chipu kubwa zilitoka kabla ndogo hazijahesabiwa.

Nyumbani dawa yake ni karatasi. Anayefungua boksi awe mmoja, na kila anayenunua upya aandikwe. Ukizidisha manunuzi yote kwa 5,000, jibu, pamoja na nyongeza ya huruma kama ilitolewa, lazima lilingane na meza.

Kuna pia chipu za kuletwa mfukoni. Januari 2014, kasino ya Borgata, Atlantic City, ilisimamisha shindano wakiwa wamebaki wachezaji 27: zilikuwa zimeingizwa chipu bandia 160 za 5,000, yaani pointi 800,000. Mhusika alitupa nyingine kwenye choo cha hoteli, mabomba yakaziba. Boksi kama lako la dukani mgeni wako anaweza kuwa nalo kwake, tena bila nia mbaya. Tia nukta ya rangi ya kucha kwenye ukingo wa kila chipu ya 1,000, uiache ikauke usiku mzima kabla ya wageni kufika.