Shada la Majilio na Matawi ya Nyumbani

Kila mwaka siku za Majilio zikaribiapo, madukani huuzwa mashada ya plastiki yaliyofanywa yafanane na matawi ya msonobari wa Ulaya. Hayanyauki, hayadondoshi jani, na mwakani hutolewa sandukuni yakiwa vile vile. Wengi huyasifu kwa sababu hizo. Sisi twaona kuwa sababu hizo hizo ndizo ziyaondoleazo thamani.

Tuanze na asili ya jambo. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern alianzisha huko Hamburg, Ujerumani, nyumba ya kulelea watoto maskini, iitwayo Rauhes Haus. Watoto wale hawakuchoka kumwuliza siku zilizobaki hata Krismasi. Basi mwaka 1839 akatwaa gurudumu la mkokoteni, akasimamisha juu yake mishumaa mikubwa minne, myeupe, kwa Jumapili nne, na midogo 20, myekundu, kwa siku nyingine za juma. Kila siku ukaongezwa mmoja kuwashwa. Matawi mabichi yalikuja baadaye.

Hapo twajifunza mambo mawili. Kwanza, shada lilikuwa chombo cha kuhesabia siku kabla halijawa pambo. Pili, lilifanywa kwa kitu kilichokuwapo. Anunuaye msonobari wa plastiki ameshika ganda, kiini kimemponyoka.

Tena, msonobari wasema neno kwao. Mwezi wa Desemba miti mingi ya Ujerumani imepukutika, nao wabaki kijani katikati ya baridi. Kwa hiyo ni ishara ya uhai usiokoma. Lakini mlimani Kilimanjaro, mwezi huo huo, migomba na mikahawa yote ni kijani. Msonobari utatuambia nini?

Isale latuambia mengi. Kwa Wachaga, masale hupandwa mipakani mwa vihamba na penye makaburi. Na mwenye kosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, kumwomba msamaha, wala si jambo jepesi kulikataa. Wako wazee wasemao kuwa jani zito namna hiyo halifai kufanywa pambo. Hoja yao ni ya haki, nasi hatuidharau. Lakini Majilio ni majira ya toba na kungoja. Basi jani la kuomba radhi lina mahali pake hapo kuliko tawi lo lote la kigeni. Litakalolivunjia heshima ni kulifunika kwa nyuzi za kumetameta, au kulikata mpakani kwa jirani bila ruhusa.

Hata hivyo, shada halisifiwi kwa kuwa limefanywa nyumbani tu. Tumeyaona mengi yaliyofanywa kwa haraka: majani yametazama huku na huku, mashina yako wazi, mishumaa imeinama. Kazi njema yajulikana hivi. Fito mbichi imekunjwa polepole, ikafungwa duara kwa kamba za mgomba. Majani yamefungwa mafungu madogo madogo, yote yakielekea upande mmoja, kila fungu likificha shina la lile lililotangulia, na la mwisho likaingizwa chini ya la kwanza, hata mtazamaji asijue mwanzo wala mwisho. Mishumaa imesimama katika vikopo vya bati, juu ya majani, kwa maana tawi lililokauka hushika moto upesi, wala shada linalowaka haliachwi pasipo mtu.

Na matawi yapatikane wapi? Kihambani, uani, penye miti ipogolewayo. Asiende mtu kukata msituni: msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya Hifadhi ya Taifa.

Wenye plastiki watasema, "Lenu litanyauka." Ndiyo, litanyauka, na mwakani itawapasa watoto kwenda tena kuchuma, kuuliza jina la mti, na kuomba ruhusa kwa mwenye shamba. Katika kuuliza huko watasikia habari za isale kwa wazee ambao bado wanazijua. Shada la sandukuni halimtumi mtoto kwa mzee ye yote. Kwa hukumu yetu, hiyo ndiyo hasara yake kubwa, kupita fedha iliyolinunua.