Nyuso Zilizochongwa

Mwezi wa tano 1794, katika jiji la Edo ambalo leo ni Tokyo, mchapishaji Tsutaya Jūzaburō alitoa kwa mpigo picha 28, zilizochapwa kwa mbao za kuchongwa, za waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jukwaani ya Kijapani. Mchoraji wake, Tōshūsai Sharaku, alikuwa jina geni sokoni. Baada ya miezi kumi hivi akatoweka, nyuma yake zikibaki picha zipatazo 140 na maswali ambayo wataalamu wanabishania hadi leo.

Mashuhuri kuliko zote ni ile ya Ōtani Oniji III akiigiza Edobei, mtumishi mwenye nia ya kupora fedha. Shingo imetangulia mabega, macho madogo yamekazwa yakakaribiana, pembe za mdomo zimeshuka. Viganja viwili vinachomoza kifuani mwa kimono, vidole vimetanuliwa, vidogo mno kwa uso ule. Daktari angevikataa. Mpenzi wa kabuki alivielewa mara moja: ndilo pozi liitwalo mie, pale mwigizaji anapokatisha mwendo, akaganda na kukaza macho, ukumbi ukalipuka kwa kelele za kumshangilia. Nyuma yake hamna pazia wala mlango. Kuna weusi mtupu uliotiwa unga wa ulanga, nao humetameta karatasi ikigeuzwa kwenye mwanga.

Sifa humwendea Sharaku, na anazistahili. Lakini yeye hakukata ubao hata mmoja.

Kazi iligawanywa kwa watu wanne. Mchapishaji aliagiza picha na kutoa mtaji. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, kisha akaikabidhi. Mchongaji aliibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani, akaichubua kwa nyuma mpaka mistari ikaonekana vizuri, akaanza kukata. Kisu kilipita kwenye mchoro na ubao kwa pamoja, na kazi ilipokwisha karatasi ya mchoraji haikuwepo tena. Ndiyo maana michoro ya namna hii iliyotufikia kwa kawaida ni ile ambayo haikuwahi kuchongwa. Anayetafuta picha ya kwanza, iliyozaa nyingine zote, atazunguka bure: kilichouzwa dukani ndicho kitu chenyewe, mamia kwa mamia.

Ustadi wa mchongaji unaonekana zaidi pale nywele zinapoanzia, juu ya paji la uso. Katika chapa za Utagawa Kunisada, aliyefariki 1865 baada ya kuchora waigizaji karibu maisha yake yote, unywele mmoja mmoja unasimama peke yake, mwembamba kama uzi wa buibui. Mchongaji hauchori unywele huo. Anaondoa mbao upande huu, kisha upande ule, na kinachosalia katikati ndicho kitakachopokea wino. Mkono ukiteleza mara moja, unywele umekwenda. Kwa sababu hiyo karakana zilimwachia bingwa kichwa na nywele, wanagenzi wakapewa nguo na mwili.

Kisha zamu ya mchapaji. Kila rangi ina ubao wake, na kila ubao una alama mbili zilizochongwa pembeni ili karatasi ikae palepale kila inapolazwa. Rangi hupakwa kwa brashi pamoja na uji wa mchele, karatasi yenye unyevu ikawekwa juu, halafu ikasuguliwa kwa nyuma kwa kidude cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi. Chapa za rangi nyingi namna hii zilishamiri kuanzia 1765. Kabla ya hapo, waigizaji wa Torii Kiyonobu, ambaye ukoo wake ulichora pia mabango ya majumba ya kabuki, walichapwa kwa wino mweusi tu, kisha mtu akaketi na brashi kuwapaka rangi ya chungwa, karatasi moja baada ya nyingine.

Serikali haikupendezwa na mapenzi ya umma kwa waigizaji. Mwaka 1842 ilipiga marufuku picha za waigizaji. Miaka michache baadaye Utagawa Kuniyoshi akatoa chapa inayofanana na ukuta wa ghala uliochafuliwa na watoto: vichwa vikubwa, mistari ya kitoto, kana kwamba vimekwaruzwa kwa msumari. Wenyeji wa Edo walivitazama mara moja wakawatambua nyota wao. Na mchongaji, aliyezoea kukata nywele laini, safari hii ilimbidi atumie ustadi uleule kuiga mkono usio na ustadi.

Brashi ilirudi tena, mbali na Edo. Vincent van Gogh na ndugu yake walinunua chapa za Kijapani kwa mamia, na mwaka 1887 mjini Paris Vincent alimchora muuza rangi Julien Tanguy akiwa amezungukwa nazo. Mmoja wa wanaoonekana nyuma ya mzee huyo kama mabinti ni mwanamume, mwigizaji aliyetoka kwenye chapa ya Kunisada, kwani wanawake walizuiwa kupanda jukwaa la kabuki tangu 1629. Katika rangi ya mafuta mistari imevimba na rangi zimerundikana. Maua ya kimono yamegeuka madoa mazito, na uso hauna tena ule ukingo mkali wa kisu. Uzuri upo, ila ni wa brashi.

Tofauti hiyo humfika kila anayenakili Oniji kwa rangi na turubai. Weusi wa nyuma hupatikana, kimono hupatikana. Shida ni mstari wa taya: kwenye chapa una unene na wembamba uliokwisha kuamuliwa na kisu, na brashi inayotetemeka kidogo tu inamfanya Edobei aonekane mgonjwa badala ya mwovu. Mjini Tokyo, Taasisi ya Adachi inashika njia nyingine. Mafundi wake huchonga Sharaku upya kwenye mbao za mcheri, wakachapa kwa mkono kwenye karatasi ya nyuzi za mforosadi, na hawamfichi mnunuzi kwamba ubao ni wa leo.