Sifa ya Kuachiana Nafasi

Miongoni mwa sanaa ambazo wenye elimu huzitazama kwa jicho la pembeni, kwa dhana kwamba kila kinachowainua watu vitini hakina la kufikirisha, imo sanaa ya bendi za fanki na soul za Marekani. Na kwa kuwa dhana hiyo imekaa sana vichwani mwa watu hata ikafanana na hoja, napenda kuijibu kwa kulitazama onyesho moja lisilotimia saa nzima, lililopigwa uwanjani pasipo dari wala kuta, katika wakati wa usiku ambao mtu hata akiitwa kwa jina lake aghalabu haitiki.

Onyesho hilo ni la Sly and the Family Stone, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 17 Agosti 1969, katika shamba la mfugaji Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York, ambako tamasha la Woodstock lilikuwa limekusanya umati uliokadiriwa kuzidi watu 400,000. Ratiba ilikwisha kuvurugika tangu siku ya kwanza; mvua ilikuwa imegeuza nyasi kuwa tope; chakula kilikuwa haba; na waimbaji waliotazamiwa kupanda jukwaani mapema walijikuta wakingoja zamu zao hadi usiku wa manane. John Fogerty, kiongozi wa Creedence Clearwater Revival iliyopiga baada ya saa sita, alipata kusimulia baadaye kwamba alipotupa macho mbele yake aliona gizani watu waliolala fofofo. Baada yake akaja Janis Joplin, naye akamaliza. Ndipo, yapata saa tisa na nusu, Sly Stone akatokea katika vazi jeupe lenye matamvua marefu, pamoja na wenzake sita, kuukabili umati ambao haja yake ya dhahiri ilikuwa blanketi kavu wala si muziki. Mimi sikuwapo, mashahidi wangu ni filamu ya Michael Wadleigh iliyotoka mwaka 1970, na sauti za onyesho zima zilizotolewa mwaka 2009.

Yafaa kujua kiongozi huyu alifunzwa wapi. Sylvester Stewart, kama alivyoitwa na wazazi wake, alizaliwa Denton, Texas, mwaka 1943, akakulia Vallejo, California, katika jamaa ya Kipentekoste iliyoishi kwa kuimba kanisani, na akali bado mtoto alikwisha kurekodi santuri ya nyimbo za dini pamoja na ndugu zake. Ujanani akawa mtangazaji wa KSOL, redio ya San Francisco iliyokuwa ya wasikilizaji weusi, naye akathubutu kuwachanganyia humo hata the Beatles na the Rolling Stones. Alipounda bendi yake akawachanganya watu kwa ujasiri uleule: ndugu yake Freddie kwenye gitaa, baadaye dada yake Rose kwenye kinanda, Wazungu wawili, Greg Errico kwenye dramu na Jerry Martini kwenye saksafoni, na katika zama ambazo mwanamke katika bendi za namna hiyo aghalabu alipewa kazi ya kuitikia na kupendeza, Cynthia Robinson alishika tarumbeta, akaipuliza kwa nguvu isiyoomba radhi.

Lakini aliyenisukuma kushika kalamu ni Larry Graham, mpiga gitaa la besi. Kabla ya kuitwa na Sly alikuwa akipiga vilabuni na mama yake, Dell Graham, aliyeimba huku akipiga piano. Na walipokuwa hawana tena mpiga dramu, pengo lile halikuzibwa kwa mtu bali kwa mkono. Larry akawa anaugonga uzi mnene kwa kidole gumba ili upatikane mshindo wa ngoma kubwa, na uzi mwembamba akaufyatua kwa kidole cha shahada ili upatikane mlio mkali wa ngoma ndogo, hata gitaa moja likawa linafanya kazi ya vyombo viwili. Uhitaji umewahi kuzaa mambo mengi, ila si mara nyingi umezaa jambo lililobaki zuri baada ya uhitaji wenyewe kuondoka. Maana alipojiunga na bendi iliyo na Errico, mpiga dramu hodari, gumba lile lilistahili kuwa ziada. Kumbe sasa bendi ilikuwa na ngoma mbili, moja ya ngozi na moja ya nyuzi, na swali likawa ni vipi zitakaa pamoja bila kugombana.

Jibu lao ndilo ninalolisifu, nalo ni kwamba kila mmoja alikubali kupiga kidogo kuliko alivyoweza. James Brown alikwisha kuonyesha tangu katikati ya miaka ya 1960 kwamba uzito wote ukiwekwa katika pigo la kwanza, vyombo vyote, hata gitaa na tarumbeta, vinaweza kugeuzwa kuwa ngoma, kila kimoja kikitamka neno fupi kisha kikanyamaza; Sly na jamaa zake waliichukua siri hiyo wakaitia uchangamfu wa kanisani. Wimbo wao Dance to the Music, uliowapatia jina mwaka 1968, mwalimu angeweza kuupeleka darasani bila kuongeza neno: inaitwa dramu kwanza, likaongezwa gitaa, ikafuata besi, kikaja kinanda, kisha Cynthia na Jerry wakakaribishwa kwa majina yao, na kila anayeingia humkuta aliyetangulia amemwachia mahali pa kukaa. Raha ya muziki huu imo katika mianya hiyo, kwa sababu mwili wa msikilizaji, ukikuta mahali palipoachwa wazi, hupajaza wenyewe kwa bega au kwa unyayo kabla akili haijatoa idhini.

Uwanjani ustadi huu huwa faradhi. Ndani ya ukumbi kuta humrudishia mpigaji sauti yake, zikamsitiri. Nje kila noti huondoka isirudi, na kilichokorogwa jukwaani hufika kwa watu kimekorogeka zaidi. Tena kuna taabu ambayo mashabiki huisahau. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyeketi mita 170 kutoka jukwaani huusikia wimbo umechelewa kwa nusu sekunde, na makofi yake huchukua nusu nyingine kurudi. Hivyo, hata akiwa na sikio lisilo na kasoro, humfikia mpiga dramu amechelewa kwa sekunde nzima, ambayo katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika ni mapigo mawili kamili. Mpiga dramu akiyafuata makofi, mwendo unazama. Akijitenga nayo kabisa, umati unahisi umetupwa. Sikilizeni basi jinsi Errico anavyoushikilia mwendo usiku ule bila kuyumba, na jinsi gumba la Graham linavyomwegemea, huku kelele za shamba zima zikiwajia kwa mawimbi yasiyolingana.

Ndipo Sly akafanya jambo ambalo mwoga asingalithubutu. Katikati ya I Want to Take You Higher akaanza kuzungumza na watu, kwa utulivu wa mtangazaji aliyezoea kusemeshana na asiowaona, akawaambia kwa maneno mepesi kwamba wengi huona haya kuitikia wimbo mpaka jirani awape ruhusa, na kwamba wengine hukataa kwa kudhani ni mtindo uliopitwa, ilhali hilo si mtindo bali ni hisia, na lililokuwa jema zamani lingali jema. Kisha akawaomba wainue vidole viwili juu, ishara ya amani, na kuitikia neno moja tu. Neno moja! Kwa umati uliotawanyika vile, ubeti mzima ungefika vipandevipande. Neno moja huvumilia kuchelewa, na hata likifika mara tatu kutoka pande tatu huongeza ngurumo tu. Wapwani wanaomjua manju, atungaye papo kwa papo huku akipima pumzi za waitikiaji wake, watamtambua mtu huyu bila kufasiriwa. Watu waliokuwa wamelala waliitika, wakaitika tena, na filamu inaonyesha bendi nayo ikibadilika, ikipiga kama iliyoongezewa mpigaji mwingine.

Kiangazi hichohicho walipiga pia Harlem, katika bustani ya Mount Morris, mbele ya hadhira ambayo kwa wingi ilikuwa ya watu weusi. Picha alizozichukua Hal Tulchin zikakaa karibu miaka 50 bila kutazamwa na umma, hata Ahmir Thompson, ajulikanaye kwa jina la Questlove, akazitengenezea filamu Summer of Soul mwaka 2021. Yanaonekana humo mashaka ya waliokuwa hawajawahi kuona Mzungu akipigia dramu bendi kama ile, na jinsi mashaka hayo yanavyoyeyuka. Pangekuwa na haki duniani, Harlem ingalitajwa kwanza na Bethel ingalifuata.

Bendi haikudumu. Errico aliondoka mwaka 1971, Graham mwaka 1972, na Sly, aliyefariki Juni 2025, akapata sifa mbaya ya kuwaacha watu wakimngoja jukwaani asitokee, jambo ambalo simtetei. Gumba la Graham, hata hivyo, limezunguka dunia, na ni mwanafunzi gani wa besi leo asiyejaribu kuliiga? Baadhi yao wamemshinda mwenyewe kwa kasi, wanagonga na kufyatua bila kupumua. Nami ninapowasikiliza wakijaza kila mwanya kwa madoido, hujiuliza mpiga tarumbeta wao ataingilia wapi.