PG_FINALLY ya PostgreSQL: jina zuri, ahadi nusu

Kama umeandika Java au Python, umezoea "try" na "finally": kosa likitokea, msimbo wa usafi utaendeshwa tu. PostgreSQL imeandikwa kwa C, lugha isiyo na kitu hicho, hivyo waandishi wake wakajitengenezea chao: PG_TRY, PG_CATCH na, tangu toleo la 13 la mwaka 2020, PG_FINALLY. Kazi ni nzuri. Ugomvi wangu uko kwenye jina.

Tuanze na sifa. Kosa likitokea, programu huruka kutoka pale ilipo hadi mahali palipowekwa alama mapema. Ukiruka hivyo, vitu ulivyoshika njiani nani ataviachia? Jibu la PostgreSQL ni safi kweli. Memori huombwa ndani ya makundi, na muamala ukishindwa kundi zima hufutwa kwa mpigo. Faili zilizofunguliwa na kurasa za data zilizoshikiliwa huandikwa kwenye daftari la muamala, nazo huachiliwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya msimbo wake haihitaji PG_TRY kabisa. Usafi haumtegemei mwandishi akumbuke. Hapo nawavulia kofia.

Sasa ugomvi. Makosa yana ngazi. ERROR huvunja muamala. FATAL huua mchakato mzima unaomhudumia mteja. Msimamizi akikata mtu kwa pg_terminate_backend, kinachotokea ni FATAL. Na FATAL haipiti kwenye PG_CATCH wala PG_FINALLY. Inatoka moja kwa moja.

Kwa memori ya mchakato wenyewe haina neno, mfumo endeshi utaichukua. Lakini vipi faili zilizo diskini, au memori inayotumiwa na michakato yote? Chukua CREATE DATABASE, inayonakili kanzidata ya kiolezo. Ikikatwa katikati, PG_CATCH peke yake ingeacha nakala nusu ikila nafasi bure. Kwa hiyo pale wametumia PG_ENSURE_ERROR_CLEANUP, ambayo husajili usafi huohuo kwa njia zote mbili: kosa la kawaida na kufungwa kwa mchakato.

Utasema onyo limeandikwa. Ni kweli, liko kwenye faili la elog.h. Lakini kompaila haisomi maoni, na mtu anayeandika kiendelezi chake cha kwanza ataamini jina kabla ya maelezo. "Finally" maana yake ni mwisho wa yote, siyo "mwisho, isipokuwa ukifukuzwa".

Kwa hiyo ukiandika msimbo wa usafi, jiulize kwanza: kitu hiki kinaishi wapi? Kikiwa ndani ya mchakato wako tu, PG_FINALLY inatosha. Kikibaki nje baada ya mchakato kufa, haitoshi. Na kwa kill -9 hata hiyo ENSURE haipati nafasi: seva hukata wateja wote na kuanza upya memori ya pamoja.