Adam Smith na Mkono wa Serikali

Wengi humtaja Adam Smith, wachache humsoma. Mwanachuoni huyu wa Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1723, amefanywa bendera ya kila atakaye serikali ikae mbali na soko. Husemwa kwamba alifundisha habari ya mkono usioonekana, uongozao tamaa ya kila mtu hata ikazaa faida ya wote. Ajabu ni kuwa katika Utajiri wa Mataifa, kitabu kikubwa kilichopigwa chapa mwaka 1776, mkono huo umetajwa mara moja tu.

Hapana shaka alipenda biashara huru. Alizishambulia sheria zilizozuia bidhaa za kigeni, na aliilaumu vikali Kampuni ya India ya Mashariki, ambayo wafanya biashara wake waligeuka watawala wa Bengal. Lakini tazama, msomaji, mshtakiwa wake ni nani. Aghalabu ni mfanya biashara aliyeishawishi serikali impe ukiritimba. Smith aliamini kwamba wauzaji wa bidhaa moja wakikutana, hata kwa karamu, mazungumzo huishia katika njama ya kupandisha bei. Aliona pia kuwa matajiri hupatana kimya kimya kupunguza ujira, hali sheria za wakati ule ziliwaadhibu wafanya kazi waliopatana kuudai. Mtetezi wa matajiri haandiki hivi.

Serikali aliipa kazi tatu: kulinda nchi, kutoa haki, na kujenga vitu vinavyowafaa watu wote ambavyo mtu mmoja hawezi kupata faida kwa kuvijenga. Hii ya tatu ni mlango mpana. Humo hupita barabara, madaraja, mifereji, na shule. Kila mwanafunzi wa uchumi anajua kiwanda chake cha pini, ambamo watu kumi waliogawana kazi waliweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku. Wachache hufika sehemu ya tano ya kitabu, ambapo Smith anasema kwamba mtu anayerudia kazi moja ndogo maisha yake yote hupumbaa akili. Dawa aliyoitaja ni elimu kwa watoto wa maskini, kwa msaada wa serikali, kama katika shule za parokia za Uskoti.

Si hayo tu. Alikubali sheria iwekee riba kikomo, hata Jeremy Bentham akamkosoa kwa hilo mwaka 1787. Alitaka mabenki yakatazwe kutoa noti za thamani ndogo, akilinganisha katazo hilo na amri ya kujenga kuta za kuzuia moto usienee. Na tangu mwaka 1778 hadi kufa kwake mwaka 1790 alikuwa kamishna wa forodha!

Basi alikuwa mjamaa? La, na wanaomvuta upande huo nao wanamwonea. Katika habari ya nafaka hakulegea: aliitaka iuzwe huru hata wakati wa uhaba, akidai kwamba serikali ikilazimisha bei ndogo, uhaba hugeuka njaa. Hapo mimi simfuati mpaka mwisho. Bei kubwa huita nafaka kutoka mbali, ni kweli, lakini asiye na senti mfukoni haisaidii kitu nafaka iliyokwisha kufika sokoni.