Daftari na Taa: Kijiji cha Punjab katika Riwaya Mbili

Kila kijiji cha wakulima kina historia mbili. Ya kwanza huandikwa na karani: nani mwenye shamba, shamba lina ukubwa gani, na kodi yake ni kiasi gani. Ya pili hukaa vifuani mwa watu, na isipopata msimulizi huzikwa pamoja nao. Kusudi la insha hii ni kuzipima riwaya mbili za Punjab, nchi ya mito mitano, kwa swali moja: ni nani ahesabiwaye kuwa mtu wa kijiji? Riwaya hizo ni Train to Pakistan ya Khushwant Singh, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1956, na Marhi da Deeva ya Gurdial Singh, iliyotolewa kwa Kipunjabi mwaka 1964.

Yafaa kwanza tulitazame daftari lenyewe. Waingereza waliitwaa Punjab mwaka 1849, wakapima mashamba na kuandika majina na nasaba za wenyewe. Utunzaji wa habari hizo ulikuwa kazi ya karani aitwaye patwari. Hazina hiyo si ya kudharauliwa. Kwa msaada wake Tom Kessinger aliweza kuandika Vilyatpur 1848–1968, historia ya kijiji kimoja kwa miaka 120, iliyotolewa mwaka 1974. Lakini daftari la ardhi humjua zaidi mwenye ardhi. Tena sheria ya mwaka 1900 ilikataza ardhi ya jamii zilizotajwa kuwa za wakulima isiuzwe kwa watu wasio wa jamii hizo. Shabaha yake ilikuwa kumkinga mkulima na mkopeshaji fedha. Hata hivyo ilimfungia mlango kibarua wa tabaka la chini pia. Jamii yake haikuwamo katika orodha, ijapokuwa mikono yake ndiyo iliyolima.

Khushwant Singh alizaliwa mwaka 1915 huko Hadali, mahali ambapo mwaka 1947 palijikuta upande wa Pakistan. Riwaya yake yaeleza kijiji cha kubuni kiitwacho Mano Majra, karibu na mto Sutlej, chenye jamaa kama sabini. Makalasinga ndio wenye mashamba, Waislamu ni wapangaji wanaolima pamoja nao, na Mhindu mkopeshaji ana nyumba moja tu. Kando ya bwawa lipo jiwe ambalo watu wa dini zote huliendea kwa siri wanapotaka baraka. Saa za kulala na kuamka hupimwa kwa mlio wa gari moshi. Kisha gari moshi lile lile laleta shehena ya maiti, na majirani waliokula pamoja wanatenganishwa. Hapana shaka kwamba mwandishi ametimiza kazi kubwa: maafa ya mgawanyo wa 1947 ameyatia ndani ya uwanja mdogo ambao msomaji aweza kuuona wote kwa jicho moja.

Lakini katika ukurasa ambapo jamaa za kijiji zahesabiwa, wamo pia wafagizi wachache ambao dini yao haijulikani vema. Waislamu huwadai kuwa wao; wamisionari wa Kimarekani wakija, wafagizi huvaa kofia za kizungu na kuimba nao; mara nyingine huenda katika hekalu la Makalasinga. Msomaji hucheka, kisha hadithi huwapita. Hapo ndipo penye upungufu. Mtu anayehitaji hifadhi ya milango mitatu ana jambo zito la kusema juu ya umoja wa kijiji kile, ila haulizwi. Mano Majra yaonekana kama chungu kizima kilichovunjwa na mkono wa nje. Ufa uliokuwamo tangu zamani haupewi nafasi.

Gurdial Singh alianza palepale mwenzake alipopita. Yeye alizaliwa mwaka 1933 katika jamaa ya maseremala, akaacha shule utotoni akashika kazi ya baba yake, halafu akajisomesha hata akawa mwalimu. Shujaa wake, Jagsir, ni mtu wa tabaka la chini alimaye shamba la Dharam Singh kwa kupata sehemu ya mavuno. Kipande cha ardhi ambacho jamaa yake hukihesabu kuwa chao walikipata kwa hisani ya wenye shamba, wala si kwa hati. Dharam Singh aiheshimu ahadi ile. Mwanawe Bhanta haitambui. Siku Bhanta anapoukata mti uliosimama katika kipande hicho na kuuuza, hapana vita wala mpaka mpya wa nchi. Ni shoka moja na mti mmoja tu, lakini Jagsir aelewa kwamba hakuwa na kitu tangu mwanzo. Wema usioandikwa huisha pamoja na mwenye wema.

Jina la riwaya lafupisha hoja yote. Marhi ni kijengo kidogo cha ukumbusho wa marehemu, na deeva ni taa ya udongo iwashwayo hapo. Yule ambaye jina lake halimo katika daftari hudai angalau mwanga huo mdogo, upate kushuhudia kwamba aliishi.

Kazi hii nayo haikosi dosari. Jagsir huvumilia mno. Ghadhabu yake huigeuza juu ya nafsi yake mwenyewe, akajimaliza kwa kilevi, na msomaji aweza kuhisi kwamba mwandishi amemnyima hata neno kali alilostahili kulisema. Bhani, mke wa kinyozi ampendaye Jagsir, twamjua zaidi kwa macho ya wanaume kuliko kwa fikira zake. Kwa hiyo hata riwaya imfunguliayo mlango asiye na ardhi yamwacha mwanamke kizingitini.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kuzingatia habari hizi. Kalasinga tuliyemjua ni fundi: seremala, mwashi, mhunzi wa reli. Wengi wao walitoka katika jamii za mafundi wa vijijini, jirani za wenye mashamba lakini si sawa nao. Tukisoma Gurdial Singh, twasoma kijiji ambacho fundi yule alikiacha nyuma, na huenda tukafahamu kwa nini hakuona uchungu kuvuka bahari.

Wala mambo hayo hayajapita. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, watu wa tabaka hizo walikuwa karibu 32 katika kila 100 wa jimbo la Punjab, nao wanayo sehemu ndogo sana ya mashamba. Ipo kanuni kwamba theluthi moja ya mashamba ya pamoja ya kijiji wakodishwe wao, na bado wanapigania itimizwe. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi atakaye kujua kijiji cha Punjab asiishie Mano Majra, ambako hulia pamoja na kijiji kizima. Na aendelee hadi kwa Jagsir, apate kujua ni nani aliyekuwa akilia kabla ya gari moshi kufika.